Blanketi la Bama

Mimi sinema naipenda kuliko nyama, na sioni haya kusema. Wiki nzima nilisimama kiwandani hapa Thika nikimenya mananasi mpaka vidole vinawasha, roho yangu iko Jumamosi mchana, wakati ukumbi wa Makongeni unapotiwa giza kwa mablanketi. Picha haionekani kwenye mwanga, kwa hiyo Gerishon, msimamizi wa ukumbi, aliweka desturi kwamba kila nyumba ilete blanketi la kuziba dirisha. Lile dirisha kubwa la upande wa jua liliweza kuzibwa na blanketi moja tu mtaani. Lilikuwa langu, la kijivu, zito, ambalo mume wangu Dalmas alirudi nalo kutoka vita vya Bama, huko Burma walikopigana na Wajapani.

Ungedhani basi tunaheshimiwa. Thubutu! Shida ilikuwa mdomo wa Dalmas. Picha zilisema Kiingereza, na Gerishon alitutafsiria kwa kipaza sauti chake cha bati. Kila akitafsiri, Dalmas anasahihisha. Askari wa kwenye picha akipigwa risasi ya tumbo na kutoa hotuba, Dalmas anasema mtu wa namna hiyo huomba maji tu. Siku Mzungu mmoja alipogundua ziwa, Dalmas aliuliza kwa sauti ni nani basi aliyekuwa akimwogesha babu yake humo. Watu walicheka, picha ikaharibika, nami nikatamani kumfunga kinywa kwa leso.

Mwaka wa hamsini na moja tukasikia inakuja picha ya vita vya Bama vyenyewe. Gerishon alifika mpaka mlangoni kwangu kunionya. Daramasi, alivyozoea kumwita, akisema neno moja tu, sisi wawili tutafute sinema yetu Ruiru. Na Ruiru kulikuwa na kahawa, sinema hakuna.

Nilimbembeleza mume wangu kama mtoto wa homa. "Baba Awiti, mara hii moja tu, ninyamazie." Akaahidi, akaomba nimnunulie muwa wa kutafuna.

Picha ikaanza. Mvua ya Bama ilinyesha na viatu vya Wazungu viking'aa, Dalmas akatafuna. Matope hayakuwapo, akatafuna zaidi. Nilifurahi, nikamwegemea. Kisha ukatokea mto, na Gerishon akasema unaitwa Chindwini.

Chindwini mimi naujua kuliko mto Chania. Nimeusikia kila msimu wa mvua, Dalmas akiwa amejifunika lile blanketi. Walilala chini yake wawili, yeye na Nzau, Mkamba wa Machakos, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Ni Nzau aliyetangulia majini na kamba ili wenzake wapate pa kushika. Alifika ng'ambo, akaifunga kwenye mti, na risasi ikampata hapo hapo.

Kwenye kitambaa cha picha walivuka Wazungu watano. Nyuma yao, mbali, akaja Mwafrika mmoja amebeba sanduku la chai. Gerishon akatangaza kwamba hao watano ndio mashujaa waliovuka wa kwanza, na ukumbi ukapiga makofi.

Nikamgeukia Dalmas. Muwa ulikuwa umeanguka, naye anatazama sakafu. Wee, iliniuma. Afadhali angebwata! Nikajikuta nimesimama.

"Nzau yuko wapi?"

Gerishon akasema hakuna Nzau humu, na sasa nitoke. Nikamwambia vyema, lakini siachi changu. Nikapanda benchi, nikang'oa blanketi dirishani. Jua likaingia lote, na Wazungu wakafutika pamoja na mto wao.

Watu waliguna, wengine wakanitukana. Ndipo Wakonyo, muuza uji, akauliza huyo Nzau ni nani hata tukose picha. Nikawaeleza pale pale juu ya benchi, blanketi mkononi. Nilipomaliza hakuna aliyeniambia nishuke.

"Mama Awiti," Gerishon akasema kwa upole, "brangeti, tafadhali."

Nikamwambia nitalirudisha, ila Nzau naye avuke. Akakuna kichwa. "Haiya! Na kama hayuko kwenye picha?" Nikamuuliza mtafsiri ni nani, mimi au yeye.

Blanketi likarudi dirishani, picha ikarudishwa nyuma. Wazungu wale wale wakaingia majini, na Gerishon akainua bati lake.

"Mbele ya hawa kuna mtu ambaye hamumwoni, kwa sababu mwenye kamera alichelewa kufika. Huyo ni Nzau wa Machakos. Amebeba kamba. Maji yamemfika kifuani."

Ukumbi mzima ulinyoosha shingo kumtafuta. Kando yangu Dalmas alivuta pumzi, nami nikamjua, nikaandaa vidole vya kumfinya. Halafu nikaviacha.

"Shingoni," akasema. "Maji yalimfika shingoni."

Gerishon akainua tena bati lake.

"Shingoni," akatafsiri.