Spika ya Kilo Kumi na Tatu na Wabebaji Wanne

Ile video mnayorushiana kwenye magrupu wameikata mwanzo. Mnaona tu mtu kalaliwa na spika, mnacheka, mnaforwadi. Hamjui ishu ilianzaje. Mie ndio yule wa chini, na simu iliyorekodi ni yangu, kwa hiyo tulieni niwape yote.

Naitwa Seba. Napiga besi kwenye bendi ya braza Audax, watu wa sherehe, sendofu za kuaga mabibi harusi na vipaimara. Bendi yetu ina sheria moja tu: kila mtu anabeba chake. Allen anatembea na kinanda begani kama mwanafunzi. Mbwana anapakia dramu zake mwenyewe. Mie nilikuwa na Kontena.

Kontena ni spika aliyonitengenezea baba mdogo Alfonsi, mchonga vinyago wa Mtoni, kwa mbao za mninga mtupu. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kutengeneza spika, kwa hiyo akaitengeneza kama mlango wa mbele wa tajiri. Ubavuni akachonga watu wamepandiana mabegani, kila mmoja kambeba mwenzie. Nikamuuliza, "Baba mdogo, hawa wa nini?" Akanijibu, "Wa kukupa moyo."

Sasa juzijuzi tuko stendi ya Mbezi Luis tunashusha vyombo, upande mmoja wa Kontena nimeshika mie, wa pili kashika kondakta nisiyemjua hata jina. Mgongo ukalia ka! Nikaganda vilevile nilivyoinama. Watu wakadhani nimedondosha hela natafuta.

Hospitali daktari akanigonga gonga kiuno, akasema, "Kuanzia leo usinyanyue kitu kinachozidi ndoo ya maji. Kama kazi yako ni spika, tafuta nyepesi."

Nikampelekea Audax hiyo taarifa. Akanisikiliza kwa huruma zote, kisha akasema, "Pole sana mdogo wangu. Ila ujue Allen ana mkono wa kushoto."

Nikajua anakoelekea. Maana mnajua kinanda: mkono wa kulia unapiga nyimbo, wa kushoto unaweza kupiga besi. Na mkono wa kushoto hauna mgongo wa kuuma.

"Braza, nipe mpaka sendofu ya Jumamosi," nikamwambia. "Nakuja na chombo nitakachobeba mwenyewe."

"Sawa. Kamati ya shughuli ikikikataa, besi anapiga Allen. Moja kwa moja."

Allen pembeni anajinyoosha vidole. Vya kushoto.

Nikauza friji, huyo Kariakoo. Duka la vyombo vya muziki la Mudathir liko chini ya ngazi, ukiingia lazima uiname, na kwa mgongo wangu ndio nikawa mteja pekee aliyeingia tayari kainama. Nikamwambia shida yangu. Akanitolea kitu kidogo kama kontena la chakula cha mtoto wa chekechea.

"Amplifaya hiyo," akasema. "Wati mia tano."

"Mudathir, usinione mgonjwa ukadhani na akili nayo imeteguka."

"Wallahi tena! Za siku hizi hazina lile litransfoma la ndani la kupoza umeme, ndio maana nyepesi. Na spika nazo sumaku zake mpya, ndogo ila kali. Chomeka gitaa."

Akaniwekea spika mbili. Ya kwanza ina koni mbili za inchi kumi, sauti inakupiga kifuani, tamu balaa, ila kuinyanyua tu kiuno kikaniambia Seba, tulikubaliana nini? Ya pili ina koni moja ya inchi kumi na mbili. Nikagonga waya mnene kabisa, ule unaoumbuaga spika za uongo zinajamba. Hii haikujamba. Ilinguruma, glasi ya chai ya Mudathir ikatembea mezani.

"Uzito?"

"Kilo kumi na tatu."

"Kwa mzani gani?"

Hapo ndio tukatoka nje. Si mnaijua ile mashine ya barabarani inayopima watu urefu na uzito huku inaongea kwa spika mtaa mzima usikie? Tukaipandisha spika. Watu wakaanza kusogea. Mie nimeshawasha kamera.

"Karibu," mashine ikasema kwa ile sauti ya dada mstaarabu. "Urefu wako ni sentimita arobaini na tano. Uzito wako ni kilo kumi na tatu. Una unene uliopitiliza. Punguza vyakula vya mafuta. Fanya mazoezi."

"Mwambieni aache chipsi!" akapiga kelele mama mmoja muuza maembe.

"Sasa weka amplifaya," Mudathir akasema.

Nikaiweka. Mashine ikakaa kimya, halafu: "Tafadhali panda kwenye mzani."

"Si imeshapanda?"

"Tafadhali panda kwenye mzani."

Mudathir akanishika bega, macho yanamng'aa. "Umeona? Mashine yenyewe haijaiona. Unataka nyepesi gani tena?"

Nikanunua vyote viwili.

Jumamosi mchana tukafika Mtoni kwa guta la injini, lile la mizigo la matairi matatu. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, akina mama na sare zao za kitenge wamejipanga barabarani. Na hapa nilikosea kitu ambacho mtoto yeyote wa Temeke anakijua: huku kwetu muziki hausikilizwi kwanza. Unatazamwa unashushwa. Watu hutoka ndani kuhesabu jasho la wabebaji, ndio wanajua leo kuna shughuli au hamna.

Mie nikaruka chini na spika mkono mmoja, amplifaya kwapani. Natabasamu.

Vigelegele vikakatika katikati, kama umeme.

Mama Herieth, mwenyekiti wa kamati, mama wa bibi harusi, akanisogelea. "Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Hiyo redio ya nani?"

"Ndio spika ya besi, mama."

"Spika unaibeba kama kuku?" Akageukia wenzie. "Jamani, mnaiona? Nimeringia muziki mtaa mzima, jirani kamwita mpaka wifi yake aje aone. Leo nitaweka wapi uso wangu? Audax!"

"Naam mama."

"Nataka spika ya watu wanne. Kama huna, geuza."

Audax akaniangalia. Kisha akamwangalia Allen. Vidole vya Allen vikaanza kuchezacheza hewani.

Mbwana ndio akaniokoa, yule bwana hana aibu. "Mama, hiyo ilikuwa ya kuonjea. Yenyewe inakuja."

Tukapanda guta tukazunguka kona ya duka la dawa. Mbwana akasema, "Sikilizeni, ni hiihii. Ila tunaishika wanne. Na tunalia." Nikampa dereva wa guta simu yangu arekodi.

Jamani. Tuliporudi, tukaishusha spika ileile, haijavishwa hata kanga, kila mtu kona yake. Mbwana anaguna kama mwenye uchungu wa uzazi. Allen magoti yanamcheza. Audax mishipa ya shingo imemsimama, anapiga kelele, "Taratibuuu! Msiachie, itaua mtu!"

"Sasa hiyo ndio spika!" Mama Herieth akapiga kigelegele mpaka kilemba kikateleza. "Jirani! Njoo na wifi yako!"

Nami nikanogewa. Nikasema ngoja niiname zaidi, nionekane nimezidiwa. Nikainama, nikachuchumaa, nikatetemesha mapaja.

Ka!

Kwa kubeba hewa! Nikaenda chini chali, na wale watatu, maana wameshaingia kwenye igizo hawawezi kutoka, nao wakayumba, wakaiachia. Spika ikanitua tumboni taratibu kama paka.

"Imemlaliaaa!" akina mama wakapiga kelele.

Wakaja mabaunsa wanane mbio, wakaishika, wakajaza vifua pumzi, "moja, mbili, TATU!" Spika ikaruka juu ikagusa turubai. Nikajua basi, tumeumbuka. Waliidaka, wakatazamana. Halafu mmoja mwenye singlendi akajiangalia misuli yake, akasema polepole, "Aisee. Mazoezi yanalipa."

"Wewe? Nimeinyanyua mie, nyie mlikuwa mnashikashika tu!"

Wakabishana mpaka chakula kinaiva.

Mie sikuweza kuinuka. Wakanitandikia godoro pembeni ya dramu, amplifaya nikaiweka tumboni, gitaa kifuani. Audax akaniinamia. "Utaweza? Au nimwambie Allen?"

Nikagonga ule waya mnene.

Viti vya plastiki vyote vikasogea hatua moja kuelekea Kilwa Road. Wifi wa jirani akasimama hajaitwa. Mama Herieth akaja kucheza hapohapo pembeni ya godoro, ananipepea na mkoba wake, analia, "Piga baba, piga, umefia kazini!" Na Allen, nimemwona kwa macho yangu, ule mkono wa kushoto akauweka mfukoni.

Sasa simu ya Audax haikai chini. Watu hawaulizi bendi gani, wanaulizaga tu, "Ni nyie wenye ile spika iliyomlalia mtu?" Kinyerezi wametuita, wamesisitiza na mtu mwenyewe aje. Audax kaongeza wabebaji wawili, na godoro limeandikwa kwenye orodha ya vyombo. Nani atalibeba? Kila mtu anabeba chake, kwa hiyo mie nalala juu yake, nabebwa nalo.

Jana nimerudi hospitali. Nikamwonyesha daktari video ili aelewe kilichotokea. Akaitazama mara mbili, akaivuta kwa vidole ikawa kubwa, akavua miwani. Kakasirika kweli.

"Wewe kijana," akasema, "si nilikwambia utafute nyepesi?"