Kisanduku cha Tarehe Ishirini na Nne

Pikipiki ilikuwa imekwisha kupita nyumba za mwisho za Kalemie wakati Ruffin alipokumbuka kwamba hakufunga mlango wa sekretaria yake. Kompyuta, mashine ya fotokopi, karatasi, vyote viko wazi, abebe atakaye. Hakusema warudi. Alimkumbatia Jovial, mwenye pikipiki, kiunoni kama mtoto, akasema:

"Ongeza mwendo."

"Papa Ruffin, njia imeoza. Nikiongeza tutafika Niemba vipande-vipande."

"Ongeza, nakuambia."

"Ni nani anakungojea kule? Bibi wa pili?"

"Yaya yangu, dada yangu mkubwa. Nakwenda kumuokoa, ao nimekwisha kumuua. Sijui bado."

Jovial akaongeza mwendo.

Maneno yenyewe yalianza mwaka uliopita. Ruffin huyu alikuwa na chumba karibu na bandari, akiwaandikia watu barua na kuwatolea fotokopi. Siku moja akaamua kutengeneza kalenda ya Kalemie, ya kwetu wenyewe. Kila siku na kisanduku chake, kila kisanduku na mistari mitatu: nani alizaliwa, nini kilitokea, nini kinaliwa. Akazunguka kwa wazee wa reli, kwa makatekista, kwa wamama wa sokoni, akauliza, akaandika. Kazi ya haki kabisa. Lakini tarehe ishirini na nne ya Novemba ilibaki nyeupe. Hakuna aliyekumbuka kitu cha siku hiyo. Na siku ya kuchapa umeme ulikuwa karibu kukatika, kama kawaida yake, basi akajaza haraka-haraka: *Alizaliwa Mama Victorine, mama wa watu. Radi ilipiga mti mkubwa wa bandarini. Siku ya uyoga: kila nyumba ile uyoga wa kwanza wa mvua.*

Victorine ni dada yake mkubwa. Tarehe yake ya kuzaliwa hakuna aliyeijua. Baba yao alikuwa akisema tu kwamba ilikuwa wakati wa mvua. Ruffin aliona anampa zawadi. Kisha, ili kalenda ipendeze, akaigonga kila ukurasa kashe yake ya mviringo, muhuri ule anaogonga kwenye barua za watu. Na kwetu karatasi ikiwa na kashe, nani ataibishia?

Asubuhi ya safari hiyo, tarehe ishirini na nne yenyewe, aliingia Mama Alphonsine, muuza uyoga wa sokoni, kutoa fotokopi ya karata yake ya mpiga kura. Akatazama kalenda ukutani, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Papa, uyoga gani huo? Mwaka huu mvua ilichelewa. Uyoga wa kichuguu haujatoka, mimi mwenyewe sina hata mumoja. Wenye umetoka njo ule mweupe wa chini ya miti. Ule unamaliza nyumba nzima. Na haukuui leo, hapana. Unakuacha ulale muzuri. Kesho njo inaanza."

Ruffin akahesabu nani angekula. Watu wa mjini wasingepata uyoga sokoni, wangekula samaki na kusahau. Lakini Victorine! Victorine alizaliwa na kukua katika nyumba za reli, pori halijui. Mumewe alipokufa, miaka miwili iliyopita, ndipo alipokwenda kulima katika kijiji cha upande wa Niemba, yeye na mjukuu wake Keren, mtoto wa miaka minane. Kalenda Ruffin alimpelekea kwa mkono wake. Keren alikuwa akimsomea bibi kisanduku kila asubuhi, na Victorine alikwisha kutuma salamu: nafuata yote, sijaruka hata siku moja. Simu huko haishiki.

Njia yote Ruffin aliuona uyoga ule. Chini ya kila kundi la miti, mvua ya juzi ilikuwa imeuotesha, mweupe, safi kama sahani mpya za harusi. Alifumba macho, akauona vilevile. Kwenye kijito kimoja mota ilikufa. Jovial akafungua, akapuliza, akafunga. Ruffin alisimama majini mpaka magoti, akijaribu kusali, na sala ikamkataa.

Walifika saa nane. Keren alikuwa uani anaosha sahani. Victorine akatoka amevaa kitenge cha kanisani, mikono wazi.

"Eeh! Mudogo yangu! Ulijua tu sikukuu yangu haiwezi kupita hivihivi!"

"Yaya, mumekula nini?"

"Uliandika nini? Tumekula hicho. Tamu kama kuku. Chungu chako kiko pale, nimekufunikia."

"Ni nani aliuchuma?"

"Mimi. Mama Bertille alitaka kunikataza." Akamwonyesha jirani aliyesimama kwenye ua, mkono mdomoni. "Nikamwambia, weye ni nani? Mudogo yangu ameandika, na kashe iko."

Mama Bertille alikuja na uyoga mmoja alioutoa kwenye takataka, ameushika kwa jani. Ulikuwa na kama sketi shingoni na kama soksi mguuni. "Nilimwambia, Papa," alisema. "Mungu anajua nilimwambia."

Ruffin akapiga magoti. "Yaya, nilidanganya. Sikuwa na kitu cha siku ile. Nilijaza tu."

"Ulijaza uyoga."

"Na radi pia."

Victorine alimtazama sana. "Na kuzaliwa kwangu?"

Ruffin akashika pindo la kitenge cha dada yake.

"Ruffin. Na kuzaliwa kwangu?"

"Nako pia."

Akakaa chini polepole, na kitenge chake kizuri, vumbini. "Nimealika wamama wa kanisa kwa jioni," alisema. Kisha akajigusa tumbo. "Lakini siumwi. Angalia. Siumwi hata kidogo."

Hicho ndicho kilichomwogopesha Ruffin kupita vyote: uso ule mzima, unaong'aa mafuta, unaocheka kidogo. Keren akaanza kulia. Akasema alikula kipande kimoja tu, vingine alivificha chini ya mkeka kwa sababu vinateleza. Hakuna aliyemgombeza. Jovial akawapakia wote wawili, mtoto katikati, akawasha. Nafasi ya mtu wa tatu haikuwapo. Ruffin akabaki uani na chungu chake kilichofunikwa. Akachimba shimo, akakizika na kifuniko chake, kisha akashika njia kwa miguu.

Victorine alikufa Kalemie tarehe ishirini na nane Novemba, asubuhi. Waganga wa hospitali walifanya walichoweza. Keren alitapika siku mbili, akapona, na sasa anaishi kwa Ruffin na anasoma. Mama Bertille analima shamba la Victorine na kumletea mtoto mihogo mikavu. Jovial alikataa kulipwa. Baadaye aliuza pikipiki, anabeba mizigo bandarini. Uyoga wa kichuguu ulitoka katikati ya Desemba, na Mama Alphonsine aliuza wote. Katika sekretaria hakikuibwa kitu. Ruffin aliifunga mwenyewe, akaitupa kashe ziwani. Msalaba wa dada yake una tarehe moja tu, ya kufa. Kalenda zilizotoka zilikuwa mia mbili. Alizunguka kuzikusanya, akarudishiwa mia moja thelathini na moja. Nyingine bado ziko ukutani kwa watu.