Mzigo wa Raymundi

Siku Anselm aliporudi kwa mama yake na kitanda cha chuma, sufuria tatu na mke, Bi Veneranda alikuwa uani akimenya karanga za mbegu. Hakusimama. Aliitikia shikamoo zao, akamwonyesha mkwewe Apolinaria pa kuweka vyombo, kisha akamwambia mwanawe, "Kaka yako hupita saa kumi na moja. Usiende mbali."

Ulikuwa mwaka 1932. Bei ya karanga ilikuwa imeanguka hata mkulima akaona heri azitafune mwenyewe, na ghala la Tabora alikokuwa Anselm karani wa mizani likafungwa asubuhi moja bila maneno mengi. Miezi mitatu alizunguka mjini akitafuta kazi, kola ikichakaa na salamu za watu zikipungua. Mwisho akatangaza kwamba ameamua kwenda kulima kwao, njia ya Kigwa. Alilisema kama mtu aliyekuwa na la kuchagua. Apolinaria alimjua mumewe, akaanza kufunga vyombo.

Njia ya zamani ya misafara ilipita nyuma ya zizi la Bi Veneranda. Magugu yalikuwa yameimeza, isipokuwa kipande kimoja alichokifagia kila siku. Hapo ndipo Raymundi alipotokea saa kumi na moja, kasha la risasi begani. Alikufa kwa kuhara mwaka 1917, huko kusini, katika vita vya Wazungu. Alikuwa bado na miaka ishirini na miwili, kwa hiyo sasa alikuwa kijana kuliko mdogo wake.

"Shikamoo, shemeji," alisema Apolinaria.

"Marahaba. Mmefika salama?"

Mwaka ule wa vita mwanangwa, mkuu wa kijiji, alitaka mpagazi mmoja kila kaya, na jina alilolitaja kwao lilikuwa la Anselm. Anselm alijificha ndani ya kihenge cha mtama. Aliwasikia wakimwita. Kisha akamsikia kaka yake akijibu, "Anselm ndiye mimi," na nyayo zikaondoka. Angeweza kutoka. Lakini mtama ulikuwa umemfika kifuani. Ndivyo alivyojiambia miaka yote.

Kwa watu wale msafiri hajitui mzigo mlangoni kwao. Ndugu wa damu hutoka kumpokea, akaubeba hadi kizingitini, ndipo msafiri akakaa na safari ikaisha. Raymundi hakuwa amepokelewa. Mama yake alijaribu mwaka wa kwanza, akateguka kiuno. Akamwomba mwalimu wa misheni amwandikie Anselm: Kaka yako amefika, njoo umpokee. Anselm aliisoma barua ghalani, katikati ya magunia, akatuma ratili mbili za sukari.

Sasa alitoka. "Shikamoo, kaka. Lete nikupokee."

Raymundi akamhamishia kasha. Kutoka zizini hadi mlangoni ni hatua sitini, na Bi Veneranda alikuwa amekwisha kutandika mkeka na kufunika ugali. Anselm alikwenda hatua kumi na moja. Baba yao alikuwa na sugu begani kama andazi, na Raymundi alipata yake. Anselm alikuwa na sugu moja tu, ya kalamu, kidoleni. Kasha likagusa ardhi.

Raymundi hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Anselm kuliko yote. Alimpangusa vumbi begani.

"Ndiyo maana nilikwenda mimi, mdogo wangu," alisema. Akajitwika kasha, akaaga, akashika njia.

"Nimekosa, mama."

"Kula, ugali unapoa."

Anselm alilima. Asubuhi alibeba mawe, jioni alimpokea kaka yake. Masika ya kwanza alifika hatua ishirini na tano. Mwaka wa tatu alifika hamsini na mbili, na bega lilikuwa limeanza kuota sugu. Bi Veneranda akanunua mkeka mpya.

Juma lile ikaja barua kutoka Tabora. Bei ya karanga imepanda kidogo, ghala limefunguliwa, karani wa mizani anatakiwa upesi. Anselm alifunga kitanda cha chuma alfajiri. Alisema atarudi msimu ukiisha. Apolinaria hakufunga vyombo.

Baada ya mavuno, saa kumi na moja, Apolinaria alikuwa akifagia kile kipande cha njia Raymundi alipotokea.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mdogo wangu hajambo?"

"Hajambo," alisema Apolinaria. "Ametuma sukari."