Mtafsiri wa Kanali

Kila siku baada ya swala ya alasiri Mikidadi alifunua turubai la kibanda chake cha gemu pale Mwembesongo, akafuta vumbi kwenye kioo cha runinga kwa pindo la shati, akachomeka waya, akakohoa. Kukohoa kulikuwa sehemu ya kazi. Vibanda vya gemu vilikuwa vimeota mji mzima tangu runinga za mtumba zianze kuingia, na karibu vyote vilikuwa na mpira tu, vijana wanachezesha timu za Ulaya na kutaniana matusi. Kwa Mikidadi kulichezwa vita. Vita vile vilikuwa na hadithi yake, na hadithi ilikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo yeye alisimama kando ya runinga na fimbo ya mwanzi mkononi, akatafsiri.

Na usidhani alikuwa anabahatisha. Kiingereza alikipata kiwandani, alikokuwa mtunza stoo mpaka kiwanda kikauzwa na mwekezaji akang'oa mashine. Wenzake walirudi milimani kulima, wengine wakaingia kwenye mkaa. Mikidadi alibaki na sauti yake, nene, yenye mkwaruzo kidogo, na watu wa mtaa waliiamini sauti ile kuliko walivyoamini redio. Askari wa kwenye gemu akipigwa risasi, aliyeugua ni Mikidadi. Kanali akitoa amri kwenye redio ya jeshi, aliyeamuru ni Mikidadi. Wanakijiji wa kwenye gemu hawakupewa maneno na walioitengeneza, basi hawakusema kitu.

Ndiyo, palikuwa na hatua moja ya kijiji. Kijiji chenyewe kilikaa mlimani, migomba huku, maharage kule, ukungu juu. Mtu wa Matombo, kule milimani, angeapa kwamba anakijua. Kikosi kinafika, kinapekua nyumba, hakikuti kitu. Hapo Kanali anasema kwamba kijiji hakina silaha, hilo lilijulikana tangu mwanzo, kichomwe hivyohivyo ili vijiji vingine vione. Hivyo ndivyo anavyosema, wala hafichi. Na mchezaji asipochoma, hadithi haisogei mbele hata chembe.

Siku Mikidadi alipoyasikia maneno yale mara ya kwanza alisimama kidogo, akawatazama wateja wake kwenye mabenchi, akasema, "Kanali anasema humu wamejificha magaidi, na silaha ziko chini ya vitanda. Chomeni."

Wakachoma kwa raha zao. Mtu akichoma kijiji huku roho inamsuta, kesho yake anaenda kucheza mpira kwa jirani, na Mikidadi hakutaka wateja wake wasutwe na roho. Uongo wenyewe aliuona mdogo, uongo wa kwenye gemu. Akauzoea.

Mchomaji hodari kuliko wote alikuwa Abdulmajid, mtoto wa dada yake, Mwaisha. Baba yake kijana huyu alihamia Ifakara zamani na hakukumbuka kurudi, kwa hiyo aliyemlea ni mjomba, kama desturi ya Waluguru inavyotaka hata pale baba anapokuwepo. Alimaliza kidato cha nne akakosa pa kwenda, akaja kukaa kibandani. Alimpenda mjomba wake mapenzi ya waziwazi, na neno la mjomba kwake halikuwa na rufaa.

Jumanne moja Abdulmajid alichoma kijiji kama kawaida, na moshi ukatoka kwenye runinga. Mikidadi alidhani waya umeungua, akachomoa. Moshi uliendelea, ukafuata mguu, na mguu wa pili, na mwanamke mzima wa makamo, kitambaa kichwani, beseni la maharage kiunoni. Alitafuta pa kukanyaga, akaziruka pedi za gemu zisivunjike, akasema, "Hodi."

"Karibu, mama," walisema waliokuwa kwenye benchi, wakasogea.

"Samahanini kwa moshi."

Sauti iliyotoka ilikuwa ya Mikidadi. Vijana wakamgeukia. Mikidadi akafungua kinywa ajitetee, pakatoka hewa tupu, maana sauti ilikuwa moja na kwa wakati huo ilikuwa na kazi kwingine. Mwanamke alipomaliza kuomba maji ya kunywa, ikamrudia.

"Sina nyingine," mgeni alimweleza baadaye. "Kule kwetu hajasema mtu ila wewe."

Mwaisha, aliyekuwa akikaanga maandazi ubavuni mwa kibanda, alimpa chai, kisha akamuuliza jina. Hakuwa nalo. Mwaisha akampa la bibi yao mzaa mama, Mwanvita, na likamkaa vizuri.

Kesho yake kijiji kilichomwa tena, wakatoka wazee wawili na mbuzi. Keshokutwa yake wakatoka wengine. Nyumba zilirudi kila gemu ilipoanzishwa upya, lakini watu hawakurudi, kwa kuwa Mwanvita alisema haoni maana ya kuhamia nyumba itakayochomwa kabla maharage hayajaiva. Wakakaa uani kwa Mwaisha na kwa majirani. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kuwaangalia, akasema hana neno nao, ila mbuzi wasifungwe kwenye mtaro wa maji. Usumbufu mkubwa ulikuwa ule wa sauti. Wageni wote walikuwa nayo hiyohiyo moja, wakipeana zamu, na asubuhi Mikidadi ilimbidi asubiri wasabahiane wote ndipo naye amjibu jirani salamu.

Maharage ya beseni Mwanvita aliyapanda nyuma ya choo cha Mwaisha. Yakaota.

Wiki zile kulikuwa na kampuni moja kutoka Dar, isiyo na kibao mlangoni, iliyopanga chumba karibu na stendi ya Msamvu. Ilitafuta vijana wenye vifua vya kwenda kulinda kwenye vita vya watu, nchi ya mbali huko. Siku hizo kila kitu kilikuwa na kampuni yake, na vita navyo havikuachwa nyuma. Abdulmajid akajiandikisha.

Alikuja kumwambia mjomba akiwa amenyoa nywele. "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umenyoa."

"Jumamosi asubuhi tunaondoka. Mama amesema nije kwako kwanza. Ukinibariki wewe, naye amenibariki."

"Kazi gani hasa huko?"

"Ile ile unayotusimulia hapa. Kuna vijiji vimejaa magaidi, tunaingia, tunasafisha. Mimi hiyo kazi naijua, Mjomba. Si umenifundisha mwenyewe?"

Nyuma yake Mwanvita alikuwa anaambua maharage. Abdulmajid alimwamkia kwa adabu na kumsogezea kigoda kivulini, kama alivyofanya kila siku. Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba aliyemchomea nyumba ni yeye. Mama huyu alikuwa mama, na magaidi walikuwa magaidi, kwa kuwa mjomba alisema hivyo.

Mikidadi alisema atalifikiria. Alikwenda uani kwa dada yake, akakaa karibu na jiko.

"Kaka," Mwaisha alisema bila kuinua macho kwenye karai, "huko nako atakuwepo Kanali. Atasema kwa lugha yake. Nani atamtafsiria mwanangu?"

Mikidadi akainuka. Akawa anataka kuondoka, Mwanvita, aliyekuwa amemfuata na ungo wake, akauweka chini.

"Uliwaambia tuna silaha," alisema kwa ile sauti nene ya mkwaruzo. "Mimi nimefagia chini ya vitanda vile miaka yote. Zilikuwa wapi?"

Alipomaliza aliirudisha sauti na kungoja. Mikidadi aliisikia imerudi kooni, nzima, tayari kwa kazi. Hakuitumia. Aliogopa, na aliona aibu. Kiwanda kilichukua mshahara, kikachukua marafiki na sare yenye jina lake kifuani. Kitu pekee ambacho kiwanda hakikumpokonya ni kule kuaminiwa, hasa na mtoto huyu. Akisema kweli, kijana atajua kwamba alidanganywa na mjomba wake mwenyewe siku zote hizo. Akinyamaza, kijana ataenda Msamvu. 

Ijumaa alasiri kibanda kilijaa. Vijana walikuja kumuaga mwenzao, wageni wa kijijini wakakaa nyuma, Mwaisha akasimama mlangoni na kijiko cha kukaangia. Abdulmajid alisema atacheza hatua ya kijiji mara ya mwisho, kisha mjomba ambariki mbele ya watu, na iwe imekwisha. Akashika pedi. Kikosi kikapanda mlima, kikapita migomba, kikapekua nyumba, hakikukuta kitu. Redio ikakwaruza. Kanali akasema maneno yake.

Mikidadi akainua fimbo, akakohoa.

"Kanali anasema," akaanza, akasita. "Anasema kijiji hiki hakina silaha. Anasema walijua tangu mwanzo kwamba hakina. Anasema kichomeni hivyohivyo, ili wengine waone."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, akadhani ni utani wa kuagana, akanyamaza alipoona hacheki mwingine.

"Rudia, Mjomba," Abdulmajid alisema.

Akarudia, neno kwa neno.

"Leo ndiyo amebadilisha?"

"Hajabadilisha. Siku zote anasema hivyo."

"Na wewe ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

Abdulmajid aligeuka taratibu, akatazama nyuma. Mwanvita alikuwa hapo, beseni mapajani, na wazee, na mbuzi. Aliwatazama mmoja mmoja kwa muda, watu aliokula nao wali wa mama yake.  Akaiweka pedi chini juu ya mkeka, akainuka, akapita mbele ya mjomba wake bila kumwangalia, akatoka.

Kwenye runinga nyumba zilibaki zimesimama. Askari wake alisimama mwisho wa shamba, bunduki mkononi, hana wa kumwelekeza. Redio ikakwaruza, Kanali akaamuru tena, na hakuna aliyeigusa pedi.

Mwanvita aliinuka akajikung'uta maganda.

"Ngoja nikaangalie kama jiko langu bado lina moto," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, ya juu, ya mtu aliyeimba sana ujana wake, na Mikidadi aliijaribu yake kwa kukohoa akaikuta kooni mahali pake. Vijana walimpisha. Aliinua gauni kidogo, akaingiza mguu kwenye runinga, na mguu wa pili. Punde wakamwona mlangoni kwake, anapuliza kuni, na wazee, mbuzi na wengine wakamfuata.

Jumamosi Abdulmajid alikwenda Msamvu hata hivyo. Alikwenda na begi, Mwaisha akamwona anatoka na hakumzuia, akakaa kwenye kigoda na hakukaanga chochote. Alirudi jua likiwa kali, begi begani, kwa miguu. Alisema basi limeondoka limejaa. Kiti alichokikataa kilipata mtu kabla dereva hajawasha gari. Vijana wa kukikalia walikuwa wamepanga mstari mpaka kwenye vibanda vya mahindi, na aliyekipata alishangilia. Mwezi uliofuata basi lilikuja tena, likajaa tena.

 Alimwamkia mjomba wake, kwa sababu shikamoo hainyimwi mjomba, na ikaishia hapo. Mikidadi aliumia, akavumilia, akaona ni haki yake. Kibanda kilipungua watu, kisha kikaongezeka wa namna nyingine. Walikuja kina mama na wazee, wakakaa kwenye mabenchi, pedi iko chini, wakatazama kijiji kikiishi. Maharage ya kule yaliiva wakati mmoja na yale ya nyuma ya choo. Mwaisha alikwea nayo mpaka Matombo, akayapanda kwenye shamba la ukoo, na mvua zilipokwisha yakauzwa sokoni kwa jina la maharage ya gemu. Yanaiva haraka, hayataki magadi. Umeme ukikatika, Mwanvita alichungulia kutoka kwenye kioo cheusi akauliza kama na huku umekatika.

Kanali hakuacha. Kila baada ya kitambo redio ilikwaruza, akaamuru vilevile, bila hasira, bila kuchoka, na kila alipoamuru Mikidadi alisimama akatafsiri, bila kuongeza, bila kupunguza. Hiyo aliifanya kuwa sheria ya kibanda.

Lakini hadithi bado ilikuwa haisogei ila kwa moto, na dunia haikosi mtu mwenye haraka. Alikuja kijana wa chuo aitwaye Dennis, akalipia zamu yake, akaisikiliza tafsiri yote mpaka mwisho, akasema amemwelewa sana mzee, ila anataka kuona hatua inayofuata. Akachoma. Wakatoka wote wakikohoa, Mwanvita mbele na beseni lake, na Mwaisha alikuwa ameshabandika chai.

Abdulmajid alikuwa mlangoni. Alimngoja Dennis amalize zamu na aondoke, akaingia, akakaa kwenye benchi lake la zamani, akaianzisha hatua upya. Nyumba zikarudi. Hakupekua. Alimpeleka askari wake mwisho wa shamba, akaanza kubonyeza vitufe, kimoja kimoja, kisha viwili pamoja, kisha vitatu. Askari aliruka, akalala chini, akaangaza kwa darubini.

"Unatafuta nini, mwanangu?" Mwanvita aliuliza.

"Cha kuweka bunduki chini," alisema. "Lazima kipo."

Redio ikakwaruza. Mikidadi akainuka, akashika fimbo, akakohoa.

"Kanali anasema chomeni."

"Nimemsikia, Mjomba," alisema Abdulmajid, akaendelea kubonyeza.