Waya wa Mukeke

Capitoline alikata biringanya vipande vyembamba, akavipaka mafuta na chumvi kwa vidole, lakini macho yake hayakuwa kwenye kisu. Yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwa Noella, ambako watu walisimama wakisubiri mkate na samaki.

Ziwa lilikuwa limefungwa. Kila mwaka hufungwa kwa miezi kadhaa ili samaki wazae. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani, na wachomaji samaki wote wa mtaa wa Songo walikuwa wamezima mbabula, majiko yao ya makaa. Wote, isipokuwa Noella. Beseni lake lilifunikwa kitenge, na chini ya kitenge kulikuwa na mikeke, samaki wa ziwa hilo wenye mafuta, iliyovuliwa usiku. Mlinzi wa katazo hilo, bwana mmoja mwenye kofia ya buluu ambaye watu walimwita Chefu, alikula hapo kila asubuhi bila kulipa.

Kila Jumapili Capitoline na Noella walisimama mstari mmoja kwenye kwaya. Zamani, yule aliyechelewa kuwasha moto alikwenda kwa mwenzake na kopo kuomba makaa. Sasa hakuna aliyekwenda tena kwa mwenzake.

"Bwana, uniondolee huu wivu," Capitoline alisali kimoyomoyo. Kisha, kwa sababu Mungu hadanganywi, akaongeza: "Au uniondolee Noella."

Hofu yake ilikuwa moja. Wateja wakizoea kula kule, hata ziwa likifunguliwa hawatarudi kwake. Ndiyo maana alfajiri hiyo alikuwa amekwenda sokoni kulisubiri gari la mboga kutoka Sange. Alichagua biringanya ngumu zenye kung'aa, pilipili hoho, nyanya zisizo na maji mengi, vitunguu na parachichi mbili. Sasa alivipanga vipande juu ya waya wake wa kuchomea, ule wenye mguu mmoja uliopinda, uliochoma mikeke miaka yote tangu alipoolewa.

Mteja wa kwanza alikuwa Patient, dereva wa pikipiki.

"Mama Capitoline! Leo unatulisha majani? Minye siko mbuzi."

"Kula kwanza. Mbuzi hasemaki sana kama weye."

Alipasua mkate, akaupasha moto, akapaka parachichi iliyopondwa na ndimu, akapanga biringanya laini zenye mistari myeusi, hoho, nyanya na kitunguu kilichoungua kidogo pembeni. Patient aliuma. Akaacha kutafuna. Akaufungua mkate, akachungulia ndani.

"Mama, samaki umeficha wapi?"

"Samaki gani?"

"Hii mukate iko na harufu ya mukeke! Harufu yote, mukeke yenyewe hakuna!"

Capitoline alitazama waya. Mafuta ya samaki wa miaka yote yalikuwa yameshika kwenye vyuma, na sasa moto ulikuwa unayatoa, unayapeleka kwenye mboga. Hakuwa amelifikiria hilo. Patient alikuwa tayari anawaita wenzake kwa sauti.

"Kujeni! Mukeke ya bei ya biringanya!"

Watu walivuka barabara, mmoja mmoja, kisha kwa kundi. Capitoline alipasua mikate, akageuza mboga, akaungua vidole na hakujali. Kwa kila mtu aliyevuka, yeye alimtazama kwanza Noella. Furaha yake haikuwa safi, na alijua.

Noella alibaki na samaki wanaokauka juu ya moto. Chefu alipofika na kupewa mkate wake, Noella aliinama, akamwambia neno sikioni huku akielekeza kidevu ng'ambo. Capitoline aliona. Hakushangaa. Yeye mwenyewe angefanya hivyohivyo, kama angekuwa na mtu wa kumwambia.

Chefu alivuka akiwa bado anatafuna.

"Mama, ziwa imefungwa. Weye unauzisha samaki?"

"Minye siko na samaki, Chefu. Angalia mwenyewe."

Chefu alifunua beseni la Capitoline, akaona maganda ya vitunguu. Akapasua mkate mmoja, akaunusa, akautupa chini.

"Na hii harufu inatoka wapi?"

"Ni waya. Ni ya zamani."

"Harufu njo ushahidi. Nabeba waya."

"Chefu," alisema Capitoline, na sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayeomba samahani, "nusa kwanza mikono yako."

Patient alicheka wa kwanza. Wengine wakafuata, wakageuza nyuso pembeni. Chefu alifuta vidole kwenye taulo la Capitoline, akamwaga mboga juu ya makaa, akainua waya kwa taulo hilohilo na kuondoka nao.

Capitoline alijaribu kuweka biringanya moja kwa moja juu ya makaa. Ziliungua nje, zikabaki mbichi ndani, na zikashika majivu. Mteja mmoja aliuma, akatema.

"Hii sasa haiko na ladha ya mukeke, mama," akasema, akavuka kwenda kwa Noella.

Ndipo alipoona. Kwa Noella, pembeni ya waya wake mpya, kulikuwa na waya mwingine juu ya moto, umejaa mikeke. Mguu wake mmoja ulikuwa umepinda.

Capitoline alifunga kitenge chake vizuri. Alibeba bakuli la biringanya mbichi zilizokatwa, akavuka barabara. Chefu alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo na mkate wa pili mkononi. Capitoline hakumsalimu. Alisogeza samaki kwa vidole vyake vitupu, akapanga vipande katikati yao, kimoja kimoja.

"Weye, unafanya nini?" Noella aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nachoma. Kwa waya yangu."

Noella alimtazama Chefu. Watu waliokuwa wakisubiri walimtazama Chefu pia, wote, na hakuna aliyecheka safari hii. Mafuta ya samaki yalidondoka, moto ukaruka.

"Mwambie Chefu hii waya iko ya nani," Capitoline alimwambia Noella, akageuza kipande cha kwanza.