Mtungi wa Shemeji

Mkaguzi wa uwanja wa ndege hakutaka hadithi. "Mtungi wa kuzamia wenye hewa haupandi ndege. Fungua."

Fundi bomba akafungua koki ya ule mtungi mdogo. Hewa ikatoka kwa kelele, abiria wakageuka, na raha ya safari ikatoka nayo.

Shemeji yake, dereva wa lori, alicheka mpaka akashika kiuno. "Mzee wa Akiba! Mkubwa mgongoni, mdogo kwapani. Ukienda harusini unabeba na chakula chako?"

Fundi akafunga koki. Mtungi ule mdogo haukuwa wake. Safari yao iliyopita ya kuzamia, shemeji alifukuza samaki mpaka hewa ikamwishia, akaibuka nusu mfu, kisha akaenda kumsimulia dada yake, mke wa Fundi, kama kichekesho. Dada hakucheka. Alinunua mtungi, akamkabidhi mumewe. "Ndugu yangu akibaki majini, na wewe baki hukohuko. Ila usimwambie ni wake. Kwa kiburi kile ataukataa."

Asubuhi iliyofuata, ufukweni, kompresa ya kujaza hewa ilikuwa bado inajaza mitungi ya wateja wengine, na ule mdogo ulikuwa ukingoja zamu. Mashua ikawashwa. Fundi akakaa, akasimama, akaenda kuchungulia kompresa, akarudi, akaenda tena.

"Panda, bwana! Huo uache."

"Tumbo linanikata," Fundi akasema, akakimbilia chooni.

Humo hakufanya lolote. Alisimama dirishani akisikiliza kompresa ikinguruma, jasho likimtiririka, huku shemeji akigonga mlango. "We, unajifungua? Tukuitie mkunga?" Nahodha naye akawa anatukana. Ngurumo ilipobadilika na zamu ya mtungi mdogo kufika, Fundi alibana pumzi. Ilipokatika, akatoka mzima kama chuma, akauchukua ule mtungi mdogo, akapanda.

Chini ya maji hakuona samaki hata mmoja. Alichokitafuta ni geji ya shemeji, aone hewa iliyobaki, na yule bwana hakutulia: mara nyuma ya mwamba, mara ndani ya ufa. Kisha akapotea kabisa. Fundi akazunguka huku, akazunguka kule. Ghafla shemeji akachomoka ufani, macho yamemtoka, akijikata shingo kwa kiganja: hewa imekwisha.

Fundi akamtia mdomoni kipumulio cha mtungi mdogo, akamkamata mkanda, wakapanda polepole.

Mashuani shemeji aliketi, mtungi ameupakata.

"Dada ndiye kanunua?"

Fundi akatazama pembeni.

"Nilijua. Wewe hujawahi kununua hata mwavuli." Akazivuta kamba za mtungi, akajifunga mwenyewe kifuani. "Kesho naubeba mimi. Na nyumbani tusiseme, shemeji."

"Tusiseme."

"Tumbo je?"

"Linanikata," Fundi akasema, akimfikiria mkewe, na safari hii hakuwa anadanganya.