Kijiko cha Pili

Fundi rangi aliliamini jicho lake. Miaka yote alichanganya rangi bila kupima, na hakuna ukuta uliowahi kumwaibisha. Kwa hiyo mkewe aliporudi kazini na kumwachia mtoto kwa mara ya kwanza, hakuona cha kumbabaisha.

Mtoto alikuwa akipaliwa. Maziwa mepesi yalimwingia kifuani. Wiki iliyopita ndipo alipotolewa mrija wa puani wa kumlishia, na nesi alisema wazi kwamba asipokunywa vizuri nyumbani, mrija utarudi. Akawapa unga wa kuyafanya maziwa yawe mazito. Kijiko kimoja kilichosawazishwa, utikise, halafu uiache chupa itulie mpaka yakaze. Usiongeze.

Fundi akanawa mikono, akachukua chupa iliyochemshwa, akapima, akatikisa. Akayatazama maziwa: maji matupu. Mtoto alishaanza kulia, na rangi nyepesi hivyo fundi gani asingeiongezea? Akatia kijiko cha pili.

Mtoto akavuta kwa nguvu zake zote, jasho likamtoka kwenye paji la uso, kisha akalala na chuchu ya chupa mdomoni. Hakukohoa hata mara moja. Fundi akavimba kichwa. Akampigia mkewe simu, akamwambia mtoto ameshiba, kalala fofofo, na kazi yenyewe kumbe ndogo.

Mama mkwe akapita kuwajulia hali. Akaiokota chupa, akaipindua juu chini. Maziwa hayakusogea.

"Mwanangu, huyu amekunywa nini?"

Fundi akaangalia alama za chupa; maziwa yalikuwa karibu hayajapungua. Akapapasa nepi, ilikuwa kavu. 

"Hajashiba," alisema. "Amechoka."

Mama mkwe akashauri chuchu itobolewe zaidi kwa sindano ya moto, yatoke tu. Fundi alikataa kwa adabu: tundu likipanuka, maziwa yatamjaa kooni kwa mkupuo. Akayamwaga yote, akaosha chupa, akaichemsha, akaanza upya. Kijiko kimoja. Mtoto akaamka na kilio cha kupasua masikio, fundi akambeba huku chupa imekaa mezani. Hakuwahi kuona kazi ngumu kama hiyo ya kutofanya kitu.

"Mtoto analia, chupa ipo, na wewe umesimama," mama mkwe alilalamika.

"Nayasubiri yakaze, mama."

Yalipokaza, akajaribu joto lake mkononi, akamkalisha mtoto wima kidogo, akampa. Mtoto akavuta, akameza, akapumua. Ndipo simu ikaita, mama mkwe akampokelea na kumwekea sikioni. Mkewe aliuliza kama mtoto bado amelala.

"Nilikwambia ameshiba. Hakushiba. Alilala na njaa, kosa langu."

 Mkewe akauliza, kwa sauti ndogo, "Na sasa?"

 Fundi akamwashiria mama mkwe aisogeze simu shingoni kwa mtoto, ili mama yake asikie mwenyewe anavyomeza.